Pete ya safari imenifanya somo wa mtu

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye chumba cha juu ambacho dirisha lake linatazama uchochoro mwembamba, kiasi kwamba jirani wa ng'ambo akikuna nazi namsikia. Huu ni usiku wangu wa tisa katika nyumba hii. Nilikuja kwa siku tatu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, nina miaka 29. Nimeweka akiba miaka miwili ili likizo hii ya mwezi wa sita nisafiri pwani peke yangu: Tanga, Mombasa, Lamu, kisha nirudi kazini. Hoteli ni ghali kwa mshahara wangu, na hata ningekuwa na pesa nisingeitaka. Nilitaka kukaa na watu. Kuna mtandao wa wasafiri ambako wenyeji hukaribisha wageni majumbani mwao bila malipo. Nikajisajili, nikasoma waliyoandika wageni waliotangulia, nikamwandikia binti mmoja wa hapa Mombasa mwenye miaka 22, anasoma chuo. Akamwomba mama yake. Mama akakubali kwa sharti moja tu, mgeni awe mwanamke.

Kabla sijaondoka, mwalimu mwenzangu aliyezoea safari akanishauri ninunue pete. Alisema, "Ukiulizwa, umeolewa. Itakuepusha na mengi." Nikanunua ya bei rahisi sokoni, nikaivaa siku ileile niliyopanda basi. Na kweli ilinifaa. Pale mpakani Horohoro, tukisubiri kugongewa mihuri, mwanaume aliyekaa nyuma yangu tangu Tanga alitaka kujua nafikia kwa nani, mtaa gani, na namba yangu ya simu. Nikamwonyesha kidole. Nikamwambia mume wangu ananisubiri ng'ambo ya feri. Akaniacha.

Jioni nikavuka Likoni, binti akanipokea, tukapanda tuktuk mpaka mlangoni. Mama yake akanishika mikono yote miwili, akaiona pete. "Mashaallah, umeolewa mwanangu?" Nikasema ndiyo. Mshauri, neno lile lilitoka kabla sijafikiri. Nilikuwa nimelisema kutwa nzima, lilikuwa limeshazoea mdomo wangu.

Sasa ndiyo ile imezaa. Mama akaniuliza jina la mkwe, nikatoa la binamu yangu. Akauliza kazi, nikasema yuko machimboni Geita, ndiyo maana simu yake haipatikani. Kila akimaliza kuswali Magharibi anamwombea arudi salama. Namsikia akilitaja lile jina, natamani sakafu ipasuke.

Na jinsi walivyonipokea sijui nikueleze vipi. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, samaki wa kupaka mchana, usiku mkate wa mofa. Kila nikitaja kuondoka, Mama anasema kuna kitu bado sijala. Nilipompa pesa, alizirudisha kiganjani mwangu, akakifumba kwa mikono yake: "Hapa si hoteli." Binti amenipa kitanda chake, yeye analala kwenye godoro chini. Vijisukari na mchele ninavyonunua Marikiti ndivyo pekee vinavyopokewa, tena baada ya kuvutana.

Kiini cha barua hii ni hiki. Binti ameposwa. Watu wa upande wa kijana, wa Kisauni, wanakuja Jumapili kuchukua jibu. Hana neno baya juu ya kijana mwenyewe, ila anaogopa kwamba akiolewa masomo yatakwama, na zile safari anazoziota zitaishia kwenye picha za simu. Mama yake humwambia, "Mtazame dada yako. Ameolewa, na mumewe kamruhusu, yuko njiani peke yake. Ndoa si jela." Usiku, taa ikizimwa, binti ananiuliza kutoka chini pale godoroni: Dada, ulijuaje kuwa ndiye? Ulimwambiaje kwamba unataka kusafiri? Alikasirika? Nami nimemjibu, Mshauri. Nimemtungia mume mzima. Mume anayenisindikiza stendi. Mume ambaye nikirudi huniuliza nimeona nini, haniulizi nilikuwa na nani. Juzi akaniambia, "Kwa maneno yako nimeanza kutulia. Labda nitakubali." Sikupata usingizi mpaka adhana ya Alfajiri.

Naondoka Jumamosi kwa basi la Lamu. Leo ni Jumanne.

Kuna mpwa wa Mama, mwanaume wa makamo, hukaa barazani kila jioni na ana maswali mengi kwangu. Pete ndiyo inayomtia adabu. Nikikiri leo, bado nina siku nne za kupita mbele ya baraza ile.

Nikisema ukweli, nitamwaibisha Mama mbele ya majirani aliokwisha kuwasimulia habari za mkwe wake wa Geita. Nikinyamaza, binti ataolewa kwa ushahidi wa mtu ambaye hayupo. Mwaka jana mimi mwenyewe niliposwa na nikaivunja posa wiki sita kabla ya harusi, lakini hayo ni mengine. Nifanyeje?

Mgeni Mwenye Pete,
Mji wa Kale


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa roshani nikiwaza kwamba huenda dirisha lako silo mbali na langu.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi. Ulivaa pete ikulinde njiani, ikavuka na wewe mpaka ndani ya nyumba ya watu waliokupokea kama mtoto wao. Humo ikageuka hadithi, na hadithi ikamfikia msichana aliye kwenye njia panda. Amekufanya somo wake, kungwi wa kumfunza mambo ya ndoa, bila kujua kwamba unayomfundisha hujayaishi. Unaona milango miwili tu, wa kusema na kumwaibisha Mama, au wa kunyamaza na kumpoteza binti. Na muda unakwisha.

Nianze na pete yenyewe, maana nahisi umeibebesha lawama zote kwa pamoja. Kuna ndiyo ya Horohoro na kuna ndiyo ya mlangoni. Sauti ni moja, lakini mimi siyaoni kuwa neno moja. Yule mwanaume wa kwenye basi hakuwa na haki ya kujua unalala wapi. Mwanamke aliye peke yake njiani akimfungia mlango mtu wa namna ile kwa uongo, mimi sina fimbo ya kumchapa. Mlangoni mambo yalikuwa mengine, lakini hata pale usijihukumu kama uliyepanga. Ulikuwa umechoka, umeshikwa mikono na mtu usiyemjua, na ngao uliyoibeba kutwa nzima ilikuwa bado mkononi.

Unajua nyumba za kale za huku kwetu zilivyojengwa? Kuna daka, ukumbi wa mlangoni, hapo mpita njia huagwa. Kuna baraza ya wanaume na mazungumzo yao. Nyumba kubwa za Lamu na Pate zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni, kilichowekwa ili mgeni astarehe na wenye nyumba wabaki na siri zao. Halafu kuna ndani. Hakuna aliyeona mgeni wa sabule kuwa ametukanwa kwa kutoingizwa ndani. Ninachotaka uone ni kwamba mgeni naye ana haki hiyohiyo ya kuwa na daka, na sabule, na ndani yake. Hukuwajibika kumfungulia Mama vyumba vyako vyote siku ya kwanza. Kilichotokea ni kwamba wao wamekufungulia ndani, unalala chumba kimoja na binti yao, nawe ungali umesimama dakani. Nadhani hilo ndilo linalokukosesha usingizi kuliko pete.

Sasa nikuulize juu ya deni. Umeandika chakula, kitanda, pesa zilizorudishwa, kama mtu anayehesabu. Pwani hii ilizoea wageni kabla ya babu zetu kuzaliwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita mwaka 1331, aliona Mogadishu vijana wakiifuata meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mwenyeji yule ndiye aliyemsimamia katika mambo yake. Hapa Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaendelea Kilwa. Lakini waliokuja na upepo wa kaskazi walingoja upepo wa kusi ndipo warudi kwao, na hiyo ni miezi. Siku zako tisa hazijavunja rekodi ya mtu. Nimesema haya ili uelewe Mama anaposema "mgeni wangu" anasema nini. Amejitwika dhamana yako mbele ya mtaa. Chakula ni sehemu ndogo ya hilo.

Hata hivyo ukarimu wetu una kipimo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, na kwamba mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji dhiki. Wazee wakasema kwa lugha yao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Unadhani hukupewa jembe kwa sababu Mama alikukatalia pesa. Mimi naona ulipewa. Mama ana binti anayesita, ana jibu la kutoa Jumapili, na huenda hana maneno. Mara akatokea msichana mwenye elimu, mwenye pete, aliyetoka Morogoro peke yake. Akakushika kama jembe akaanza kulima. Simlaumu, ni mama na ana hofu zake. Lakini nataka uone kwamba hadithi hii hukuijenga peke yako. Mama alihitaji mume wa Geita awepo, pengine kuliko ulivyomhitaji wewe.

Halafu binti. Unasema ataolewa kwa ushahidi wako. Una hakika? Alichosema ni "labda". Katika desturi yetu mwari akiulizwa juu ya posa akanyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa ridhaa. Wengi wa rika langu tulinyamaza hivyo, na wapo waliofurahi na wapo ambao hata leo hawajui kama walikubali. Huyu wako hanyamazi. Kila usiku anauliza. Mimi nasikia mtu anayetafuta maneno ya kusema Jumapili. Na angalia maswali yake yenyewe. Hajakuuliza habari za mahari wala dhahabu. Anauliza ulimwambiaje, na alikasirika? Je, yule kijana wa Kisauni ameshaulizwa swali hilo na yeyote? Hilo linaweza kuulizwa kabla ya Jumapili, na jibu lake halihitaji mume wako wala wa mtu mwingine. Tena masharti kama kuendelea na masomo huzungumzwa wakati wa posa, na yapo yanayoandikwa wakati wa nikahi. Wanachuoni wana maelezo yao juu ya lipi lina nguvu na lipi halina. Mombasa haikosi masheikhe wa kuulizwa, wala Mahakama ya Kadhi, na kwenda kuuliza si kushtaki. Kama hutaki kugusa jambo lolote jingine, hilo unaweza kumwambia usiku huuhuu.

Lakini siwezi kuiacha ile sentensi uliyoificha mwishoni, ukaifunika kwa "hayo ni mengine". Mwanangu, kurasa nzima umeandika juu ya mume ambaye hayupo, na mwanaume aliyekuwepo amepata mstari mmoja. Sijui aliyekuposa alikuwa mtu wa namna gani. Ila nimemsoma yule uliyemtunga. Anakusindikiza stendi. Haulizi ulikuwa na nani. Mtu hatungi hivyo kutoka hewani. Najiuliza kama usiku ule gizani ulikuwa ukimweleza binti kile ulichokitaka ukakikosa, na kwa hiyo ukasimama na kuondoka. Ikiwa ni hivyo, basi ndani ya uongo wako kuna ushuhuda wa kweli, ila umevishwa nguo ya mwingine. Na yeye anayekusikiliza kutoka godoroni angeweza kufaidika na ule wa kweli zaidi. Au usingemfaa kitu. Kuvunja posa kwako si sababu ya yeye kuvunja yake, na ukimsimulia kwa uchungu ambao haujapoa, utakuwa umemtoa kwenye hadithi tamu ukamtia kwenye chungu, zote zako. Hilo lipime vizuri, nakuomba.

Tuitazame milango, maana naona ni zaidi ya miwili.

Waweza kwenda kwa Mama. Kwa mila zetu huyu ndiye mwenye haki ya kwanza, na kuna wema katika kumwambia yeye kabla hajasikia kwingine. Ukichagua hivyo, chagua saa. Si barazani, si mbele ya wageni, si Jumamosi ukiwa na begi mkononi. Asubuhi jikoni, yeye na wewe, labda umekalia mbuzi unamkunia nazi, kwa maana kuna mambo husemeka vyema mikono ikiwa na kazi. Huenda akacheka. Watu wazima wa mji huu wamewahi kuona wasafiri wengi. Huenda pia akanyamaza siku nzima, na ukimya wa mama aliyekuombea mumeo ni mzito. Na anaweza kukuomba usimwambie binti mpaka Jumapili ipite. Hapo utafanya nini? Ujue jibu lako kabla hujaingia jikoni.

Waweza kumwambia binti peke yake. Ndiye aliyekuamini, na ndiye mwenye kuathirika. Hatari yake ni kwamba utamwachia siri ya kubeba mbele ya mama yake, nawe utakuwa ukila samaki Lamu. Kuna wasichana wangependelea kuibeba kuliko kutojua. Wewe umelala naye chumba kimoja siku tisa, mimi sijamwona.

Waweza kuondoka na kupiga simu ukishafika salama. Naelewa kwa nini linavutia, tena kwa usalama lina hoja. Lakini wewe ni Jumamosi na jibu ni Jumapili. Basi hilo linaanza safari alfajiri, kisha Malindi, Witu, Mokowe, kisha boti. Ukifika umechoka ukapiga simu usiku, utakuta nyumba imejaa mashangazi na masinia. Ukweli ukifika saa hiyo unaweza kuwa mzigo kuliko msaada.

Na kuna njia nyembamba kati ya hizo. Waweza kumwambia binti kwamba uliyomweleza yasiwe mizani yake, kwamba hukumweleza yote, na huna haki ya kuwa somo wake katika hili. Hujaivua pete, lakini umelirudisha jembe. Ubaya wake ni kwamba msichana mwerevu atauliza kwa nini.

Kuhusu mpwa wa barazani, nataka tuseme waziwazi. Sijui kama ni mtu wa kuhofia au ni mpenda soga, lakini wewe mwili wako unajua, na usiupuuze kwa sababu ya adabu. Kumwambia Mama au binti ukweli si kulitangazia baraza. Pete unaweza kubaki nayo kidoleni mpaka basi liondoke, na ukawaeleza wao wawili kwa nini. Ikiwa maswali yake yanakutisha, hilo pia Mama anastahili kulijua, kwa kuwa wewe ni dhamana yake. Na kabla ya mazungumzo yoyote, kata tiketi yako ya Lamu, weka kando nauli na pesa ya kulala usiku mmoja kwingine, na umwachie mtu wa Morogoro jina la mtaa uliopo. Sisemi kwamba watakufukuza. Mtu mwenye pa kwenda husema ukweli kwa sauti tulivu zaidi.

Juu ya aibu ya Mama kwa majirani, sina hakika ni kubwa kama unavyoiona kutoka chumba cha juu. Mtaa utauliza habari za mkwe mara mbili tatu, kisha kutakuwa na arusi nyingine, au hii. Jambo linaloweza kumuumiza kwa muda mrefu ni kuona kwamba ulimwogopa. Huenda ukahitaji kumwambia kwamba hukumwogopa yeye.

Umeuliza ufanyeje, na najua ulitumaini nitakupa neno moja. Sina. Nina maswali ya kulala nayo. Ukijiona uko Lamu wiki ijayo, umekaa ukingoni mwa maji, ni mazungumzo gani utakayojutia kwamba hukuyafanya? Na ni lipi kati ya haya unaloliogopa kwa ajili yao, na lipi kwa ajili yako?

Niandikie ukishafika, kwa lolote utakalokuwa umechagua. Na kabla hujaondoka, kwa kuwa pesa hazipokewi, shuka mpaka Biashara Street ukamtafutie Mama doti ya leso. Usichague kwa rangi tu. Lisome wewe mwenyewe jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujalipa, maana Mama atalisoma, na atakapojifunga kwenda kwa jirani, jirani naye atalisoma.